Shofere, mbele ya kupokea ufunguo uliza kwanza juu ya siku mbaya

Leo tunazungumza juu ya kazi ambayo wengi kati yetu tunaifanya, ao tuko na ndugu anayeifanya: kazi ya kuendesha kamioni.

Shofere akisikia kwamba mwenye gari fulani anatafuta mtu, swali la kwanza ni lile lile: "Ule analipaka ngapi?" Ni swali la haki. Mtu anatafuta kazi juu ya kulisha watoto, kulipa masomo na kodi ya nyumba. Lakini jibu lake halitoshi. Siku njema, wakati njia ni kavu, mzigo umefika na mwenye mzigo amelipa, wenye gari wote wanafanana. Tofauti yao inaonekana siku ingine: siku kamioni imelala kwenye matope kwa juma nzima, siku lame ya springi imekatika mbali na garaji, siku mifuko kumi ya unga imepotea, siku watu wenye silaha wamekuteremsha, ao siku uko hospitali na mguu umevunjika.

Ndiyo sababu makala hii inakuomba jambo moja: usichague patron kwa kiasi anachotaja peke yake. Chagua kwa vile atakavyofanya siku mbaya. Na hiyo inawezekana kujulikana mbele, ukijua maswali ya kuuliza na watu wa kuwauliza.

Barabara yetu ndiyo inapanga kazi

Shofere wa Kinshasa ao wa Dar es Salaam anaweza kuhesabu saa. Shofere wa Fizi anahesabu siku. Barabara ya taifa namba 5 ndiyo uti wa mgongo wetu: inatoka Lubumbashi, inapita Kalemie, inaingia kwetu kwa upande wa Misisi na Lulimba, inapanda Fizi-centre, inashuka Baraka, kiisha inafuata ziwa kupitia Nundu, Lusenda, Mboko, Swima na Makobola mpaka Uvira na mbele Bukavu. Kati ya Uvira na Baraka ni karibu kilometa 90. Kwenye karatasi ni safari ya nusu siku. Mvua ikinyesha, mto ukijaa na daraja likiharibika, hakuna mtu anayeweza kukuambia utafika lini.

Tunakumbuka mwezi wa nne 2020, wakati mafuriko yalipopiga muji wa Uvira, yakabomoa nyumba na kuharibu njia na madaraja. Kamioni ziliyokuwa upande mmoja zilibaki upande ule. Wakati kama ule, shofere anayelipwa kwa safari anabaki na mifuko mitupu, na yule wa mshahara wa mwezi anaendelea kuhesabiwa. Ni barabara ile ile na mvua ile ile, lakini mapatano ni tofauti.

Ongeza bariere. Mwaka 2017 watafiti walihesabu karibu bariere 800 katika Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini, za serikali na za makundi yenye silaha. Ongeza tena vita: tangu Bukavu ilipoingia mikononi mwa M23 mwezi wa pili 2025, safari nyingi zimebadilika, benki zilifungwa kule, na wenye mali wengi wakatafuta njia zingine, pamoja na ile ya ziwa kwenda Kigoma na Kalemie. Hayo yote yanamgusa shofere moja kwa moja, hata kama mwenye gari hayataji siku ya kumpa kazi.

Wenye kutoa kazi hawafanani

Kwetu hakuna makampuni makubwa ya usafirishaji mengi ya kuchagua. Lakini kuko aina nne za watu wanaotafuta mashofere, na kila moja ina faida na hatari yake.

Ya kwanza ni mfanyabiashara mwenye kamioni moja ao mbili. Mara nyingi ni Fuso, ananunua mihogo, karanga, mawese ao ndagala, anapandisha simenti, chumvi na sabuni. Faida yake: unamjua, anakaa karibu, unaweza kumfikia usiku ukiwa na mtoto mgonjwa. Hatari yake: gari ikivunjika, mapato yake yote yamesimama na yako pia. Anaweza kuwa mtu mwema kabisa na bado akashindwa kukulipa.

Ya pili ni msafirishaji mwenye kamioni nyingi, kwa kawaida wa Uvira, Bukavu ao Lubumbashi. Iko na ofisi, iko na fundi, gari ikifa inaweza kutuma ingine. Lakini uko mbali na mwenye kuamua. Unazungumza na msimamizi, na msimamizi naye anatafuta kuonekana mzuri mbele ya patron wake. Hapo ndipo amande na makato ya mshahara huzaliwa.

Ya tatu ni mashirika ya kibinadamu, ao wale wanaokodisha gari kwa mashirika hayo. Kuna kanuni za mwendo, mara nyingi hakuna kutembea usiku, kuna kontra iliyoandikwa. Ubaya ni kwamba kontra ni fupi na inafuata pesa za wafadhili. Mwaka 2025, Marekani ilipopunguza misaada yake, mashirika mengi ya mashariki yalipunguza watumishi, na mashofere walikuwa kati yao. Tena angalia vizuri: shofere wa shirika lenyewe na shofere wa gari iliyokodishwa hawana mwajiri mmoja. Nembo ya mlangoni haisemi ni nani atakulipa.

Ya nne ni makampuni ya ujenzi wa barabara na ya madini. Mara nyingi unaendesha benne, safari fupi fupi, na ukifanya vizuri unaweza kujifunza mashine zingine. Kazi ikiisha, kambi inafungwa, na wewe unarudi Baraka kutafuta tena.

Jiulize kwanza wewe mwenyewe

Mbele ya kuuliza patron, jiulize wewe: kwa sasa, kitu gani kinatangulia? Wengi wanachagua vibaya kwa sababu wanataka yote pamoja, kiisha wanachukua ile ya kwanza inayokuja.

Kijana asiyekuwa na bibi wala watoto anaweza kukubali safari ndefu za Kalemie kwa pesa nyingi, alale chini ya gari, ajifunze njia. Baba ambaye bibi yake amekaribia kuzaa anahitaji kurudi nyumbani kila siku tatu, hata kama pesa ni kidogo. Mtu wa miaka 50, mgongo umeanza kumsumbua, anahitaji matunzo ya hospitali na CNSS kuliko nyongeza ya dola 50. Mwingine ameshambuliwa njiani mara mbili na hataki tena kupita sehemu fulani. Hiyo si woga, ni hesabu yake ya maisha, na patron anayemcheka si patron wake.

Chukua karatasi, andika vitu vitano: pesa, kulala nyumbani, usalama wa mwili, hali ya gari, na karatasi za kesho, maana yake kontra na CNSS. Vipange kutoka cha kwanza mpaka cha tano. Zungumza na mwenzako wa nyumba, kwa sababu naye anaishi na kazi yako. Vile viwili vya juu usiviuze. Vile vitatu vya chini unaweza kuzungumza na kupunguza. Ukifanya hivyo, siku mtu atakupigia simu saa mbili za usiku na kusema "Kuja kesho asubuhi, iko kazi," utakuwa na kitu cha kupimia.

Mshahara wa mwezi ao pesa ya safari

Hapa ndipo wengi wanadanganywa na macho yao wenyewe. Tuchukue hesabu ya mfano tu. Patron wa kwanza anasema: dola 200 kwa mwezi, mvua ao kiangazi. Wa pili anasema: dola 100 kwa safari. Mwezi wa saba, njia ni kavu, wa pili anakupa safari tatu. Dola 300! Unamcheka mwenzako wa dola 200.

Lakini mwaka wetu una karibu miezi minne ya kiangazi na karibu minane ya mvua. Tuseme katika kiangazi unafanya safari tatu kwa mwezi, na katika mvua moja tu. Miezi minne mara dola 300 ni 1,200. Miezi minane mara dola 100 ni 800. Jumla ni dola 2,000 kwa mwaka. Yule wa mshahara amepata 2,400. Na kama katika kila safari ya mvua umekwama siku kumi, na chakula chako ni dola 5 kwa siku toka mfukoni mwako, umetoa dola 50 kila mwezi wa mvua, ni 400 kwa mwaka. Umebaki na 1,600.

Hiyo haimaanishi pesa ya safari ni mbaya siku zote. Kama njia yako ni fupi, tuseme Baraka na Nundu ao Baraka na Mboko, unaweza kufanya safari nyingi na kumpita wa mshahara. Maana yake ni kwamba usihesabu mwezi mmoja. Hesabu mwaka mzima, uweke na mvua ndani.

Uliza pia: pesa inalipwa kwa dola ao kwa franga? Kama ni franga, kwa kiwango cha siku gani? Inalipwa tarehe ngapi? Inalipwa mukononi, kwa simu ao kwa benki? Na avansi ikichukuliwa, inakatwa mara moja ao kidogo kidogo? Mapatano ya dola 250 yanayolipwa baada ya miezi mitatu yanakula nyumba yako kwa deni la duka. Mara nyingi dola 180 za kila mwisho wa mwezi ni bora.

Hasara ni ya nani?

Hili ndilo swali kubwa. Mwenye gari akikubali kulijibu waziwazi, umeshamjua nusu. Uliza hasara moja moja.

Bariere: anakupa pesa ya njia kwa jumla, ao unamletea hesabu? Pesa ya jumla ni nzuri ikitosha, kwa sababu kinachobaki ni chako. Lakini kwenye bariere nyingi hakuna risiti. Siku wameongeza bariere mbili mpya, tofauti inatoka wapi? Patron mzuri atasema: "Nipigie simu, tusikilizane hapo hapo." Mwingine atasema: "Hayo ni mambo yako na njia." Kwa maneno hayo amekuambia kwamba mshahara wako utaishia kwenye kamba za njiani.

Mzigo: magunia yakipungua, nani alihesabu wakati wa kupakia? Usikubali kubeba lawama ya mzigo ambao hukuona ukipakiwa. Omba karatasi ya mzigo yenye hesabu, usaini baada ya kuhesabu na konvoyeri wako. Mzigo ukilowa kwa sababu turubai ilikuwa imepasuka na ulisema mbele, hiyo si hasara ya shofere.

Kukwama: nani analisha shofere na konvoyeri? Nani analipa vijana wanaochimba matope na kusukuma? Baada ya siku ngapi anatuma gari ingine ao fundi? Konvoyeri ni wa nani? Kama unamlipa wewe toka mfukoni mwako, basi mshahara uliotajiwa si mshahara wako wote.

Kushambuliwa: wakiiba mzigo, simu na pesa, utaambiwa ulipe? Ukikamatwa na watu wenye silaha, nani atazungumza na familia yako? Maswali haya ni mazito na wengi wanaona aibu kuyauliza siku ya kwanza. Lakini yanapoulizwa na jamaa baada ya jambo kutokea, huwa yamechelewa.

Angalia gari kuliko ofisi

Permi iko kwa jina lako. Ajali ikitokea, wa kwanza kukamatwa na polisi ni wewe, hata kama freni zilikuwa mbovu tangu mwezi uliopita. Kwa hiyo mbele ya kukubali, omba kuzunguka gari. Hakuna mwenye gari wa kweli atakayekasirika juu ya hiyo.

Angalia mipira, na usisahau wa akiba. Piga freni mara kadhaa gari ikiwa imesimama, sikiliza hewa. Angalia usukani una mchezo kiasi gani. Angalia taa. Angalia lame za springi kama zimefungwa na waya. Kiisha omba karatasi: karte roze, asiransi isiyoisha, kontrole tekniki, vinyeti. Karatasi moja ikikosekana, kila bariere itakuuliza wewe, si mwenyewe aliyebaki nyumbani. Na permi yako iwe ya kategoria ya magari mazito. Patron anayekuambia "Endesha tu, nitapanga na polisi" anapanga kwa ajili yake mwenyewe.

Uliza juu ya mzigo wa kupita kiasi na juu ya abiria wa kupanda juu ya mzigo. Wengine wanakuachia pesa ya abiria kama nyongeza ya mshahara. Inaonekana kama zawadi. Lakini kamioni ikianguka kwenye mteremko wa kutoka Fizi kushuka Baraka na watu 20 juu ya magunia, wafu hao watahesabiwa kwa jina lako.

Tusisahau Sange. Tarehe 2 mwezi wa saba 2010, kamioni ya mafuta ilipinduka pale Sange, kwenye barabara ya Uvira na Bukavu. Watu walikuwa karibu, wengine wakichota mafuta yaliyomwagika, wengine ndani ya kibanda wakiangalia mpira wa Kombe la Dunia. Moto ukawaka. Zaidi ya watu 230 walikufa. Kwa shofere wa mafuta, maana yake ni hii: kubeba mafuta si sawa na kubeba mihogo. Anayekupa gari ya mafuta bila kukufundisha la kufanya ikipinduka, bila kizima moto na bila njia ya kufukuza watu, anakupa kazi ambayo hujui ukubwa wake.

Mwendo wa usiku ni jambo lingine la kusikilizana mbele. Sema saa unayosimama. Kama anakubali usimame saa kumi na mbili jioni kwenye kijiji kinachojulikana, kiisha anapiga simu saa moja kuuliza kwa nini hujafika, basi hakukubali.

Sheria inasema nini

Wengi kwetu wanafanya kazi kwa mdomo. Wanafikiri kwamba bila karatasi hawana haki. Si kweli.

Sheria ya kazi ya Kongo ni ya tarehe 16 mwezi wa kumi 2002, namba 015/2002. Inataka kontra iandikwe. Kama haikuandikwa, inahesabiwa kuwa kontra isiyokuwa na mwisho mpaka ionyeshwe vingine, na mfanyakazi anaweza kuonyesha kwa njia yoyote kwamba alifanya kazi: mashahidi, karatasi za mzigo, ujumbe wa simu, risiti za pesa alizotumiwa. Kwa hiyo usifute ujumbe wa patron. Weka kila karatasi ya safari.

Kontra ya muda maalumu haipiti miaka miwili. Kama umeoa na kazi inakutenganisha na familia yako, haipiti mwaka mmoja. Anayeajiriwa siku kwa siku, akifikisha siku 22 za kazi ndani ya miezi miwili na akachukuliwa tena mbele miezi hiyo haijaisha, anahesabiwa kuwa mfanyakazi wa kudumu. Kipindi cha majaribio kwa mtu mwenye ufundi hakipiti miezi sita. Kuko mashofere ambao wako "kwa majaribio" mwaka wa pili sasa. Hiyo haiko kwenye sheria.

Saa za kazi ni 9 kwa siku na 45 kwa juma. Kila mtu anajua barabara yetu haiheshimu saa hizo, lakini ni vizuri kuzijua wakati wa kuzungumza juu ya mapumziko. Mwajiri akitaka kukuachisha kazi ya kudumu bila kosa zito, anapaswa kutoa taarifa ya siku 14 za kazi, na siku 7 zaidi kwa kila mwaka mzima uliomtumikia. Ukitaka kuondoka wewe, taarifa yako ni nusu ya hiyo. Usiache gari njiani na kuzima simu. Hata kama umekosewa, hapo kosa linageuka kuwa lako, na habari inafika Uvira mbele yako.

Juu ya CNSS, ile iliyochukua nafasi ya INSS: mwajiri anatoa asilimia 13 ya mshahara, wewe unakatwa asilimia 5. Ndani yake kuna pensheni, posho za familia, na hatari za kazi, ambayo ndiyo inayomgusa shofere siku ya ajali. Patron akisema "Ninakukata CNSS," muombe namba yako, kiisha uende wewe mwenyewe kwenye ofisi ya CNSS kuuliza kama pesa inaingia. Kukatwa bila kuandikishwa ni wizi wa polepole. Matunzo ya hospitali ya mfanyakazi na familia yake nayo, kwa sheria, ni mzigo wa mwajiri.

Kima cha chini cha mshahara kilikuwa franga 7,075 kwa siku tangu 2018. Mwaka 2025 serikali ilikipandisha hadi 14,500, na kikapangwa kupanda tena mwanzoni mwa 2026. Hicho ni cha kibarua asiye na ufundi. Shofere yuko juu ya hapo.

Kama mumeshindwa kusikilizana, nenda kwanza kwa wazee ao kwa chama cha mashofere, ACCO, wazungumze na mwenye gari. Ikishindikana, kuko Inspection du Travail, inayopatanisha mbele ya mambo kufika kwenye tribunali.

Namna ya kumchunguza patron

Usimuulize shofere anayemtumikia sasa peke yake. Anaweza kuogopa, ao anaweza kutaka gari ile imuache yeye apate ingine. Mtafute yule aliyeondoka. Muulize mambo matatu: Ulilipwa pesa ya mwisho? Siku gari ilivunjika alifanya nini? Ungerudi kwake? Kama mashofere watatu wameondoka katika mwaka mmoja na hakuna hata mmoja aliyelipwa mwisho wake, una jibu. Kama mmoja analalamika na wawili wanasema wangerudi, sikiliza wale wawili, lakini usisahau yule mmoja.

Muulize pia fundi anayetengeneza gari zake. Fundi anajua nani ananunua pièce mpya na nani anasema "Funga tu na waya, itafika."

Omba kufanya safari moja ao mbili za kupimana, kwa bei mliyosikilizana. Wewe unapima gari na simu zake, yeye anapima mkono wako. Hiyo si dharau kwa mtu yeyote.

Mwisho, andikeni. Hata ukurasa mmoja wa daftari unatosha kuanzia: majina, tarehe ya kuanza, mshahara na siku ya kulipa, chakula cha njiani, bariere, konvoyeri, mzigo ukipotea, gari ikivunjika, ugonjwa, mwendo wa usiku. Sainini wawili na shahidi mmoja, kila mtu abaki na yake. Wengine wanasema kumuomba patron karatasi ni kumuonyesha kwamba humwamini. Si hivyo. Siku ya kukorofishana kila mtu hukumbuka vile anavyopenda, na karatasi inawasaidia wawili kukumbuka jambo moja.

Na wewe pia unapimwa

Mwenye gari naye ana hofu zake. Ameuza shamba ao amekopa kwa kununua ile Fuso. Anaogopa shofere anayeuza mazuti njiani, anayebeba mizigo ya siri, anayekunywa, anayezima simu. Ukitaka patron mzuri, kuja na vitu vyako: permi halali, majina ya watu wawili uliowatumikia, na tabia ya kuandika hesabu kila jioni, mazuti kiasi gani, bariere ngapi, franga ngapi. Shofere anayeleta daftari bila kuulizwa anapata nguvu ya kuuliza maswali tuliyoyaandika hapa.

Hakuna patron asiyekuwa na kasoro, na kwa hali ya leo wengi hawana nafasi ya kukataa kazi mbili ao tatu wakingoja ya nne. Ukilazimika kuchukua kazi usiyoipenda, ichukue ukijua ni nini inachokosa, na uweke muda: miezi mitatu, kiisha ninatazama tena. Kama kinachokosa ni pesa, utavumilia. Kama kinachokosa ni freni, usipande.

Jioni hii, kama uko na ufunguo wa gari ya mtu mfukoni, kaa na mwenzako wa nyumba, muulizane swali moja: siku gari hii ikilala njiani, nani atakula hasara? Kama hamna jibu, kesho asubuhi mpigie mwenye gari mbele ya kuwasha injini.